Singe Iliyovalishwa Kofia

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, bali zamani hii ya juzijuzi inayonuka mafuta ya taa, palikuwa na mwanamke mmoja katika milima ya Taita, kijiji cha Mwarughu, jina lake Wawuda. Sogeeni karibu. Hadithi hii haina sungura wala binti wa sultani. Ina kisu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri.

Kisu chenyewe kilikuwa singe, kile kisu kirefu ambacho askari wa zamani walikichomeka mdomoni mwa bunduki risasi zikiwaishia. Nyumbani kwa Wawuda singe hiyo ilifanya kila kazi isipokuwa vita. Ilitoboa mashimo ya kupandia mahindi. Ilifungua madebe. Ilishika nyama juu ya makaa, na mbuzi iliowageuza motoni walikuwa wengi kuliko maadui wote iliowahi kuwatisha. Ilijaa kutu na masizi, na mwisho wa mpini wake ulikuwa umeganda mafuta ya karamu zote za ukoo.

Lakini singe hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa aibu ya nyumba ile. Vita vya kwanza vya Wazungu vilipofika Taita, vijana wawili wa Mwarughu waliandikwa siku moja, wakatiwa kikosi kimoja cha askari wa Keya, yaani jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Mmoja alikuwa Mwangeka, baba yake Wawuda. Wa pili alikuwa Kilele, jirani yake. Wakati huo Wawuda alikuwa bado tumboni mwa mama yake. Kilele alirudi. Mwangeka hakurudi.

Vita vilipokwisha, wachungaji wakaiokota singe kule uwandani upande wa Maktau, mbali na mahali mapigano yalipokuwa. Wakamletea Kilele, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wa mambo ya vita. Kilele akaigeuza hivyo hivyo na kutu yake, akasema, "Siku ile nilimtafuta Mwangeka sikumwona. Sasa singe yake hii hapa. Basi alikimbia, akaitupa apate kukimbia vizuri. Na tazameni msalaba huu uliogongwa kwenye bapa. Hiyo ndiyo alama ya watoro."

Watu wakasema, "Hapo kasema!" Ndivyo walivyo watu wa Mwarughu, mtawaona. Yeyote aliyesema mwisho, hapo kasema. Singe yenyewe wakampelekea mjane wa Mwangeka.

Tangu siku ile Wawuda akakua na akazeeka akiwa mtoto wa mtoro. Watoto wenziwe walipocheza kukimbizana, walimwambia, "Wewe huwezi kushikwa, ni wa ukoo." Alipoolewa, mawifi walimuuliza kama na yeye atakimbia. Yeye alicheka nao, maana alikuwa mwanamke wa kucheka, lakini ndani iliuma, na iliuma vilevile akiwa na mvi kama ilivyouma akiwa na meno ya maziwa.

Basi siku moja kijiji kikaamua kusimamisha jiwe karibu na zahanati, lichongwe majina ya wote waliokwenda vitani wasirudi. Kamati ikaundwa. Mwenyekiti akawa Mnjala, mtoto wa Kilele, mtu mnene mwenye sauti nene, anayependa kamati kuliko anavyopenda chakula, na chakula anakipenda. Majina yakatajwa na yakakubaliwa. Lilipofika la Mwangeka, Mnjala akasema, "Hilo hapana. Jiwe hili ni la waliokufa, si la waliotoroka."

Wawuda akasimama. "Mnjala, umejuaje kwamba ile singe ni ya baba yangu? Dunia nzima ilipita Maktau na visu."

Mnjala akajibu, "Mama Nyambu, tuheshimiane. Marehemu baba alinieleza. Singe ya Keya iligongwa chapa ya kikosi chake, na kila asubuhi ilikaguliwa. Aliyekutwa na singe ya kikosi kingine alikula viboko. Askari wa Keya hakushika singe isiyo ya Keya hata kwa dakika moja. Sasa iliokotwa uwandani, na mtu wetu aliyepotea ni mmoja. Ya nani nyingine?"

Watu wakasema, "Hapo kasema!"

Haya, na wiki hiyo hiyo Nyambu, mwana wa pekee wa Wawuda, akapata mtoto wa kiume. Ni mjukuu aliyesubiriwa mpaka watu walikuwa wamenyamaza kuuliza. Kila mtu alijua ataitwa Mwangeka. Lakini Wawuda akamwambia mkwewe, mke wa Nyambu, "Mkamburi mwanangu, tungoje. Siwezi kumvika mtoto jina lenye matope."

Hapa lazima nisimame niwaeleze desturi ya Mwarughu, msije mkanisumbua baadaye. Kule mtoto hapewi jina kimyakimya. Anapakatwa mapajani na mtu mmoja, asubuhi, nje, mbele za watu, na mtu huyo analitamka jina mara moja kwa sauti. Mtu mmoja, mdomo mmoja. Wakitamka wawili, wanasema jina limepasuka na mtoto atakua hajui aitikie upande gani. Na aliyetamka anakuwa mzazi wa jina maisha yake yote. Mtoto akichinja, kidari ni chake. Mtoto akioa, ngoma haianzi mpaka yeye afike, hata kama amechelewa kwa makusudi, na wengi huchelewa kwa makusudi. Kabla ya siku hiyo, mtoto huitwa Mgeni tu.

Basi Wawuda akaenda sokoni, akapanda juu ya gunia la mtu, akaweka nadhiri: "Mwarughu, nisikieni! Atakayemsafisha baba yangu aibu hii, huyo ndiye atakayemtamkia jina mjukuu wangu. Nimesema, na sirudi nyuma."

Mnjala alikuwepo akinunua ndizi. Akacheka mpaka ndizi zikaanguka.

Wawuda akatoka sokoni moja kwa moja mpaka kwa Righa mhunzi. Righa alikuwa mtu wa maneno machache na nyusi nyingi. Wawuda akamtupia singe mapajani. "Righa, nisugulie singe hii kwa tupa mpaka ing'ae kama mpya. Na huu msalaba uondoe kabisa, usibaki hata kivuli."

Righa akaigeuza huku na huku. "Tupa siweki."

"Huweki kwa nini?"

"Chuma kilicholiwa na tupa hakirudi. Huu msalaba hujui umewekwa na nani wala kwa nini. Ukiufuta, umefuta na jibu lake."

"Nimekuletea kazi, Righa, sikukuletea mahubiri!"

"Basi mpelekee mwingine."

Wawuda akatamani kumpiga nayo. Lakini mhunzi mwingine alikuwa mbali na miguu ilikuwa inamuuma, kwa hiyo akamwachia shingo upande. Righa akaisugua kwa ndimu na majivu. Akailaza kwenye mafuta ya taa, akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akailaza tena. Mkewe akalalamika kwamba kisu cha watu kinaogeshwa kuliko watoto wa nyumbani. Taratibu kutu ikatoka, na kwenye bapa, karibu na mpini, vikajitokeza vitu vilivyozikwa humo miaka yote: taji dogo, herufi kadhaa, namba 1907, na upande wa pili ule msalaba ukaonekana wazi zaidi.

Mwisho wa mpini nao Righa aliusugua. Mafuta yaling'oka, vikabaki vijialama vilivyochimbikachimbika. Righa akadhani ni makovu ya watoto waliopondea njugu. Akaona havipendezi. Na kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri, tena alikuwa na taa mbovu ya karabai, akakata kipande cha shaba kwenye tangi la karabai ile, akakifua kikawa kofia ndogo nzuri, akaivalisha pale mwisho wa mpini na kuigongelea ikakaza. Wawuda alipokuja kuichukua akaambiwa, "Kofia ni bure. Zawadi ya Mgeni."

Wawuda akaitazama singe ikimetameta na kofia yake, na hasira zote zikamtoka. Akaona kama imevaa kwenda harusini.

Kutoka hapo akaenda kwa Bi Saru. Bi Saru alikuwa amestaafu kutoka jumba la makumbusho mjini, ambako kazi yake ilikuwa kutunza silaha za kale na kusoma chapa zake. Ugonjwa wa chapa ulimfuata mpaka nyumbani. Kioo cha kukuzia kilining'inia shingoni mwake mchana kutwa. Mpe kijiko, atakigeuza nyuma asome kilikotengenezwa. Mwalike harusini, atainua sahani kabla ya kuonja pilau, na wali umwagike.

Bi Saru akaishika singe kwa vitambaa viwili kama anayemshika mtoto mchanga wa tajiri. Akaweka kioo jichoni. Halafu akaanza kucheka.

"Mama Nyambu, nani alikwambia msalaba huu ni wa watoro?"

"Kilele."

"Na singe ilikutwa wapi?"

"Uwandani, na wachungaji."

"Sasa mtu atupe singe porini akimbie, wakubwa wake wasimwone wala wasiione singe. Huo msalaba aliugonga nani? Mbuzi?"

Ni kweli. Miaka yote hiyo, kijiji kizima, hakuna aliyeuliza.

"Huu ni msalaba wa kiwandani," akasema Bi Saru. "Bapa lilipindwa upande huu, likapindwa upande ule, kulijaribu. Likinyooka lenyewe, linagongwa msalaba kwamba limefaulu. Hata ile singe bora kuliko zote inao. Na hii 1907 si siku wala namba ya mtu. Ni mwaka ulipotolewa mtindo huu wa singe."

Wawuda alitaka kumkumbatia. Lakini Bi Saru akanyoosha mkono, sauti ikapoa. "Ngoja. Sitakudanganya kwa sababu nakupenda. Hili taji ni la Mfalme wa Waingereza. Singe hii si ya Mjerumani. Ni ya upande wetu. Nilitumaini iwe ya adui, ili tuseme si ya Mwangeka. Sasa inaweza kuwa yake."

Wawuda akaketi chini. Alikuwa amepanda juu kwa pumzi moja na ameshuka kwa pumzi hiyo hiyo. "Utayasema hayo mbele ya kamati?" akauliza.

"Nitayasema yote, la msalaba na la taji. Nikisema nusu, nimedanganya."

Siku ya mkutano kijiji kizima kilikuwa jiweni. Mchongaji alikuwa tayari na patasi zake, na mahali pa jina moja palikuwa pamebaki patupu upande wa chini. Wawuda alisimama amempakata Mgeni, kwa sababu Mgeni alikuwa hanyamazi kwa mtu mwingine. Bi Saru akasema la msalaba, watu wakacheka, wakaoneana haya, wakasema, "Hapo kasema!" Akasema la taji, wakasema tena, ila kwa sauti ya chini.

Mnjala akainuka kama mkate unavyoumuka. "Mmesikia kwa mtaalamu mwenyewe! Taji la Mfalme. Keya walikuwa wa Mfalme. Na ili mtu asiseme Mnjala ana chuki, nimekuja na shahidi." Akafunua kanga aliyokuwa ameishika kwapani, na ndani yake mlikuwa na singe nyingine, safi, iliyopakwa mafuta ya nazi. "Hii ni ya baba yangu Kilele. Alirudi nayo, na mpaka leo inalala juu ya ukuta wangu. Ziwekeni pamoja! Mkiona ni mapacha, basi na tufunge kikao tukale."

Zikawekwa mezani. Taji na taji. Namba na namba. Hata msalaba na msalaba, jambo ambalo Mnjala alilipita haraka haraka. Mapacha kabisa. Wawuda akaangalia uso wa mtoto ili asiangalie nyuso za watu.

Hapo angeshinda Mnjala, na hadithi yetu ingeishia hapo, kama si ubishi wake mwenyewe. Maana alipoona ile kofia ya shaba ikimetameta kwenye singe ya Wawuda, na ya baba yake haina, roho ilimuuma. "Na hiki ni kitu gani? Singe inavishwa kofia? Huu ni mchanga wa macho! Mnataka isifanane na mwenzake. Iondoeni! Mapacha waonekane mapacha mpaka kisiginoni!"

"Ile ni zawadi," akanung'unika Righa.

"Iondoe!"

"Itaharibika."

"Kamati inaamuru iondolewe!"

Righa akatoa nyundo na patasi ndogo, akaibandua kofia yake huku akisonya kila pigo. Ikaruka, ikaanguka majanini. Mnjala akazishika singe zote mbili, akazisimamisha juu chini, akazisogeza karibu na pua ya Bi Saru. "Haya, soma! Mapacha au si mapacha?"

Bi Saru akaweka kioo. Akatazama ya Kilele. Akatazama ya Wawuda. Akarudi ya Kilele. Akashusha kioo, akajipiga kipaji cha uso kwa kiganja mpaka kikalia.

"Mimi ni punguani," akasema. "Nimeifanya kazi hii nusu ya umri wangu, halafu nikasahau jambo la siku ya kwanza kazini. Bapa linakwambia nani aliitengeneza. Mwisho wa mpini ndio unaokwambia nani aliibeba! Niliona kofia, nikasema ni pambo, nikapita. Tazameni. Singe ya mzee Kilele hapa mwishoni imegongwa K.A.R. Ndiyo Keya, na mbele yake namba ya kikosi. Hii ya Mama Nyambu imegongwa nini? Hakuna K.A.R. Kuna namba kubwa, ambayo Keya siku zile hawakuwa na kikosi cha kuifikia, na herufi za kikosi cha Wahindi. Wale waliokuja kwa meli, wakashukia Kilindini, wakapita hapa chini kwenda kupigana. Walikuwa wa Mfalme huyo huyo, singe zao za mtindo huo huo, taji hilo hilo. Lakini hii ilibebwa na Mhindi. Keya hawakuigusa."

Watu wakasogea mezani, kila mmoja akitaka kuona mwenyewe.

Wawuda akasema, taratibu, "Mnjala. Ulisemaje siku ile? Askari wa Keya hakushika singe isiyo ya Keya."

"Hata kwa dakika moja," akamalizia mtu nyuma.

Mnjala akafungua mdomo, akaufunga. Akaitazama singe ya baba yake mkono wa kulia, na ya Mhindi mkono wa kushoto. Halafu, na hili nampa haki yake, akageuka kwa mchongaji akasema kwa sauti yake nene, "Mwangeka. Lichonge Mwangeka. Na herufi zake zisiwe ndogo kuliko za wengine."

Jamani, vigelegele! Wawuda alicheka na kulia kwa pamoja, na hakujali nani anamwona. Alipo Mwangeka hakuna ajuaye mpaka leo, lakini mahali alipolala, amelala kama wenzake. Wawuda akasimama karibu na mchongaji, akaisikiliza patasi ikigonga, na kila herufi ilipokamilika aliigusa kabla vumbi lake halijatua. Wazee waliokuwa wamecheza naye kukimbizana utotoni walikuja mmoja mmoja kumshika mkono.

Asubuhi iliyofuata ua wa Wawuda ulijaa. Mbuzi amechinjwa. Kiti cha mtamkaji kimewekwa katikati. Wawuda akatoka na mtoto aliyevikwa nguo nyeupe, akasema, "Haya, aliyemsafisha baba yangu aje akae."

Wakainuka watu watatu.

Righa alikuwa wa kwanza, na watu walishangaa kusikia maneno mengi yakimtoka. "Mama Nyambu, uliniletea singe ukaniambia weka tupa. Ningekutii, hiyo chapa mngeisoma wapi? Bi Saru angesoma nini? Mnjala angelinganisha nini? Ulinikasirikia, ukataka kunipiga, nikakubali kukasirikiwa. Niliilinda chapa nisiyoijua. Mimi ndimi niliyemsafisha baba yako."

Watu wakasema, "Hapo kasema!"

"Aliyeilinda ndiye aliyeivalisha kofia!" akadakia Bi Saru. "Uliifunika kwa mikono yako mwenyewe, Righa. Nami ningeiona siku ile ile." Akasogea mbele, kioo kikimcheza kifuani. "Mama Nyambu, chuma hakisemi chenyewe. Hawa wote walikuwa na macho, na wasingejua Mhindi ni yupi na Keya ni yupi. Nani aliyekuondolea msalaba uliokusumbua tangu utoto? Ni mimi. Nani aliyesoma chapa? Ni mimi. Na nilipoona taji sikukuficha, ndiyo maana watu waliniamini nilipoona chapa. Mimi ndimi niliyemsafisha baba yako."

Watu wakasema, "Hapo kasema!"

"Mtaalamu aliyesoma mbele akasahau nyuma," akasema Mnjala. "Angeachwa yeye peke yake, tungekuwa tumekwisha kula na jina halipo." Akaja polepole, na safari hii hakuinua sauti. Alikuwa ameivua kofia yake ya kamati na kuishika mkononi. "Mama Nyambu. Najua mtanicheka. Cheka, una haki. Nilikuja kumzika baba yako mara ya pili, na kila mtu anajua. Lakini nani aliyesema kofia iondoke? Righa alikataa. Bi Saru alipita. Nani aliyeleta singe ya Keya ya kulinganishia? Na sikilizeni. Righa alitoa jasho. Bi Saru alitoa ujuzi. Mimi nimetoa baba. Kilele hakuwa mwongo, alikosea tu, lakini tangu jana kila mtu anajua kwamba alikosea, na singe iliyomuumbua ni ya kwake mwenyewe, na aliyeileta ni mwanawe. Ningeweza kusema labda Mwangeka aliiokota kwa Mhindi. Maneno yalinijia mdomoni. Nikayameza, nikasema chonga. Mimi ndimi niliyemsafisha baba yako."

Hapo, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza tangu Mwarughu iitwe Mwarughu, watu hawakusema "Hapo kasema." Walitazamana.

Mkamburi, mama wa mtoto, akanong'ona, "Mama, mpe Righa. Yule alitutakia mema."

Nyambu akanong'ona upande wa pili, "Mpe Bi Saru. Atamfundisha kusoma vitu."

Bibi mmoja asiyeulizwa akasema kwa sauti, "Mpe Mnjala. Akishakuwa mzazi wa jina hilo, hatalisema vibaya tena maisha yake yote. Na wanawe pia."

"Lakini alitaka kumwangusha!" akasema mwingine.

"Na Righa alitaka kuipamba, akaifunika. Tunalipa nia au tunalipa kilichotokea?"

Wawuda alisikia yote. Alimtazama Righa, akaona mikono iliyokataa tupa. Alimtazama Bi Saru, akaona uso uliomwambia jambo chungu bila kupepesa. Alimtazama Mnjala, mtoto wa aliyempa jina baya, na akaona kofia ya kamati bado iko mkononi. Akapiga hatua, akasimama. Mapaja ya watu watatu yalikuwa yametandazwa kanga tatu. Nadhiri ilikuwa moja, mtoto mmoja, mdomo mmoja. Na mtoto amechoka kuitwa Mgeni, ameanza kurusha miguu.

Najua alimpakatisha nani. Nilikuwepo, na kidari nilikiona kilipokwenda. Lakini siwaambii, maana Mwarughu wenyewe wanabishana mpaka leo, na mimi nikisema nitaambiwa "hapo kasema" nao ubishi utakufa.

Basi mpokeeni nyinyi mtoto huyu, mshikeni vizuri kichwa. Yupo aliyeilinda chapa asiyoijua kisha akaifunika kwa wema. Yupo aliyeijua chapa akaipita, kisha akaisoma kwa haki. Yupo aliyeifunua kwa ubaya, kisha akamwacha baba yake mwenyewe aaibike ili kweli isimame. Je, katika hao watatu, ni nani aliyestahili kulitamka jina la Mwangeka?